Siku Kumi Tu

Tunawasalimu mlioketi jikoni mkingoja chakula cha jioni, mlio dukani mkihesabu mauzo ya leo, na mlio safarini. Zaidi ya wote tunakusalimu wewe mwanafunzi, ambaye kitabu kiko wazi mbele yako lakini macho yako hayakioni. Jioni hii tumekuja kuzungumza nawe. Na ninyi wazazi msiondoke, kwa maana yenu pia yamo humu.

Majira ya mtihani yamekaribia. Majina ya mitihani hubadilika kila kizazi. Wazee wetu walifanya mtihani uliotungwa Cambridge, kule Uingereza, na majibu yao yakavuka bahari kwenda kusahihishwa. Baadaye likaja baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1980 Kenya ikapata Baraza lake la Kitaifa la Mitihani. Mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Ule wa darasa la nane, KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Majina yanakuja na kwenda, lakini tumbo la mtahiniwa asubuhi ya karatasi ya kwanza ni lile lile.

Likizo moja alitujia nyumbani kijana wa Kidato cha Nne. Tulimfahamu tangu utoto wake. Ni mtoto mwenye adabu, na hakuwa mzito wa kuelewa. Aliketi, akakataa chai, kisha akasema, “Mzee, nimekuja kuwaaga. Sina hamu ya kusoma tena. Nafikiri nitafute kazi mjini kabla ya mtihani, nisije nikawaaibisha watu.”

Ndugu wasikilizaji, tutawaambia tulivyomjibu, ingawa hatujivunii. Tulimkumbusha karo aliyolipiwa. Tulimkumbusha baba yake aliyeuza mtamba wa maziwa ili yeye abaki shuleni. Tulimkumbusha dada yake aliyeacha masomo ili apishe nafasi. Tukamwambia, “Jikaze, mwanangu, wakumbuke waliojinyima kwa ajili yako.” Kijana alituitikia kwa heshima, akashukuru, akaenda zake. Sisi tukalala tukidhani tumefanya kazi njema.

Baada ya juma moja mama yake alitujia akilia. Kijana alikuwa amefunga nguo zake katika mfuko, na vitabu amevisukuma chini ya kitanda. Tukamwita tena. Safari hii mmoja wetu, mama wa nyumba hii, hakumhubiria neno lolote. Alimwuliza swali moja tu: “Ukifungua kitabu, mwanangu, unaona nini?”

Kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akajibu, “Namwona ng'ombe.”

Tukaelewa. Kila jioni baba yake alipita mlangoni akasema, “Ng'ombe yule asipotee bure.” Mzee hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale yalikuwa yamegeuka kuwa mzigo, na kila mara kijana alipofungua kitabu cha hesabu, alikutana na deni. Ni nani awezaye kusoma huku anadaiwa? Nasi tulikuwa tumemwongezea mzigo juu ya mzigo, tukauita mawaidha.

Mpenzi mwanafunzi, labda wewe huna ng'ombe. Labda una kaka aliyepata alama ya A, na jina lake hutajwa kila siku mezani. Labda ulianguka mtihani wa majaribio na mwalimu akasoma alama zako mbele ya darasa zima. Labda umesikia kwamba bila wastani wa C na jumlisha huwezi kuingia chuo kikuu kusomea shahada, nawe unaiona C hiyo ikiwa mbali kama kilele cha mlima. Watu husema wewe ni mvivu. Sisi twasema mara nyingi uvivu ni jina la juu tu, na chini yake kuna hofu. Mtu huogopa kujaribu kwa nguvu zake zote, maana akijaribu hivyo na kushindwa, atasema nini tena? Basi huona afadhali asijaribu.

Siku ile tulimkumbusha kijana wetu habari za watahiniwa wengine, zilizomo katika sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli. Vijana wanne wa Yuda walichukuliwa mateka hadi Babeli. Waliwekwa shuleni kwa miaka mitatu, wajifunze elimu na lugha ya Wakaldayo. Hawakuchagua shule ile, wala lugha ile haikuwa ya mama zao. Hata majina yao yalibadilishwa. Na mwisho wa miaka hiyo ulikuwako mtihani, na msahihishaji alikuwa mfalme Nebukadreza mwenyewe! Kama kuna wanafunzi waliokuwa na sababu ya kusema “sina hamu,” ni hao.

Wengi hukumbuka mwisho wa habari ile, kwamba walionekana bora mara kumi kuliko wenye hekima wote wa ufalme. Sisi tulimwonyesha kijana mwanzo wake. Danieli alipotaka kushika njia yake katika jambo la chakula, hakuahidi miaka mitatu. Alimwomba msimamizi wake siku kumi tu. Wajaribiwe siku kumi, kisha waangaliwe. Mtu asiyeweza kuibeba miaka mitatu mabegani aweza kuzibeba siku kumi.

Tukamwambia, “Mwanangu, usituahidi alama. Usituahidi chuo kikuu. Tupe siku kumi, kisha ukitaka kwenda mjini, tutakusindikiza hadi kituoni.” Akakubali. Na haya ndiyo tuliyopatana naye, nawe waweza kuyafanya kuanzia usiku huu.

Kwanza, usingoje hamu. Wengi wetu hudhani kwamba hamu huja kwanza, na kazi hufuata. Mwulize mkulima anayeamka alfajiri wakati wa baridi kama hamu ndiyo iliyomtoa kitandani! Huchukua jembe, na akishalima mstari mmoja mwili hupata moto, na mstari wa pili huja wenyewe. Fanya hivyo na kitabu. Jiwekee dakika ishirini, si usiku kucha. Chagua jambo moja dogo, kwa mfano maswali matatu ya aljebra. Ukiyamaliza, una haki ya kusimama. Mara nyingi utajikuta huta­ki kusimama. Bandu bandu huisha gogo.

Pili, andika usichokijua. Neno “nimebaki nyuma” latisha kwa sababu halina mipaka. Chukua karatasi, uandike somo kwa somo, mada kwa mada, mahali unapojikwaa. Kijana wetu alidhani hajui kemia yote. Alipoandika, alikuta mada anazozishindwa ni sita. Sita zina mwisho. Mtu aweza kuzihesabu na kuzikata moja moja.

Tatu, funga kitabu ujiulize. Kusoma ukurasa mmoja mara tano huku kichwa kikisinzia kwaonekana kama kazi, lakini faida yake ni ndogo. Soma mara moja kwa makini, funga kitabu, kisha andika unachokumbuka. Tumia karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Utakaposhindwa kukumbuka usikasirike, kwa kuwa kule kutafuta ndani ya kichwa ndiko kunakokaza jambo likae.

Nne, rudia baada ya siku kadhaa. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima jinsi alivyozisahau, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1885. Aliona kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, kisha polepole. Aliona pia kwamba kujifunza kwa siku mbalimbali kunashinda kulundika kazi yote kwa mara moja. Kwa hiyo kusahau hakumaanishi kuwa wewe ni mjinga. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo. Soma leo, rudia kesho kutwa, rudia tena juma lijalo. Na usiku lala, maana katika usingizi akili huyapanga uliyojifunza. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani hujiibia mwenyewe.

Tano, weka simu chumba kingine. Usiigeuze tu juu ya meza, mpe mama aishike. Tunajua neno hili ni chungu, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi kijana alianza. Siku ya kwanza alisoma dakika ishirini, akaja kutuambia kama mtu aliyepeleka ripoti. Siku ya tatu hakusoma kitu, akaja pia kutuambia. Tulimjibu, “Siku ya nne ipo.” Siku ya saba alikaa saa mbili bila kujua muda umepita. Siku ya kumi hakuuliza habari za kituo cha basi.

Lakini, wapenzi wasikilizaji, nidhamu bila sababu huchoka njiani. Twende Eldoret. Mwezi wa Januari mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo. Umri wake ulikuwa miaka 84. Alivaa sare na kaptura kama watoto wengine, akaketi dawatini. Kwa nini? Moja ya sababu alizozitoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Ghasia za mwanzo wa mwaka 2008 zilipomtoa kwake na kumweka kambini, hakuacha masomo. Alifariki mwaka 2009, kabla ya kufika mtihani wa darasa la nane.

Je, utasema alisoma bure kwa kuwa hakupata cheti? Hasha! Mzee yule alijua hasa anachokitaka, na kitu hicho kilikuwa chake mwenyewe. Hakikuwa deni la mtu. Nawe jiulize: nje ya alama, ni kitu gani ninachotaka kukijua au kukiweza? Kijana wetu alipoulizwa hivyo, alisema angependa kujua mashine za maji zinavyofanya kazi, kwa sababu ile ya kijijini kwao imeharibika na mama yake huteka maji mbali. Tangu siku ile fizikia ikawa na sura ya mama yake. Mtu aweza kusoma akimtazama mama yake.

Sasa wazazi, zamu yenu imefika. Tulimtembelea baba wa kijana yule. Tulimkuta zizini. Tukamweleza kwa upole, kama ndugu kwa ndugu, kwamba mtoto hamwoni mwalimu ubaoni, anamwona ng'ombe. Mzee hakujibu. Aliendelea kufunga kamba ya ndama. Tulidhani tumemkosea.

Jioni ile, kama mama alivyotusimulia baadaye, mzee alisimama mlangoni kama desturi yake. Kijana akainama akingoja maneno aliyoyazoea. Mzee akasema, “Ng'ombe niliuza mimi, hukuuza wewe. Shauri lile ni langu na Mungu wangu. Wewe soma tu, na matokeo yakija yoyote, mlango huu ni wako.” Kisha akaenda kulala. Mama anasema kijana alilia, akajifuta uso, akafungua kitabu.

Wazazi wapendwa, msidhani kumwambia mtoto hivyo ni kumlegeza. Mtoto anayejua kwamba akianguka bado ana nyumbani ndiye anayethubutu kujaribu kwa nguvu zake zote. Mpunguzieni kazi za jioni kwa majuma haya machache. Mpeni mwanga na mahali pa utulivu, hata kama ni pembe ya meza. Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Na msiseme kamwe, hata kwa hasira, “Ukianguka usirudi hapa.” Maneno hayo hukaa sikioni mwa mtoto miaka mingi baada ya matokeo kusahauliwa.

Mtatuuliza, je, kijana yule alipata alama gani? Hatuwezi kuwajibu, kwa kuwa mtihani wake bado haujaanza. Wakati huu tunapozungumza, pengine yuko mezani, kama wewe. Hatujui karatasi itakuwaje. Tunajua kwamba vitabu vimetoka chini ya kitanda, na mfuko wa nguo umefunguliwa.

Nawe, mpenzi mwanafunzi, hesabu siku kumi kuanzia leo, uziandike kwenye jalada la daftari lako. Mwenyezi Mungu, aliyewapa wale vijana wanne maarifa katika nchi ya ugeni, akutulize moyo usiku huu, nao wazazi wako awape maneno mema ya kukuambia mlangoni.

Tutakapomaliza kuzungumza, zima redio, uanze na dakika ishirini. Kwaherini, hadi juma lijalo.