Kalenda Ndiyo Inayoijaza Meli

Msikilizaji, kila Krismasi inapokaribia, na tena shule za Marekani zinapofungwa kwa kiangazi, jamaa zetu wengi waliolowea huko hukata tiketi za meli za kitalii zinazong'oa nanga Miami au Galveston kuelekea visiwa vya Karibiani. Baba, mama, watoto watatu, na pengine bibi aliyebahatika kupata viza. Wanaporudi, picha ni nzuri, lakini manung'uniko ni yale yale: foleni ya lifti, foleni ya chakula, na viti vya kando ya bwawa vilivyotandikwa taulo tangu alfajiri na watu wasioonekana. Lawama hutupiwa ukubwa wa meli, au malezi ya watoto wa watu wengine. Mimi naona lawama hizo zimepotea njia. Kinachoibana familia katika msimu huo ni kalenda ya shule kwanza, kisha saa ya ukutani, na anayeshindwa kuzisoma mbili hizi atabanwa hata kwenye meli ndogo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hapa ndipo mnunuzi hufumbwa macho. Katika biashara hii kila chumba huhesabiwa kuwa na watu wawili. Wawili wawili wakitimia vyumba vyote, meli husemwa imejaa kwa asilimia 100. Lakini vyumba vingi vina sofa inayogeuka kitanda, au kitanda kinachoshushwa kutoka darini, na hivyo ndivyo vitanda vya watoto. Ndiyo sababu taarifa za kampuni hizi kwa wenye hisa hutaja meli zilizojaa kupita asilimia 100, na hakuna anayeshtuka. Chukua Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari Januari 2024 ikiwa meli kubwa kuliko zote za aina yake. Kwa watu wawili kila chumba inabeba abiria 5,610. Vitanda vyote vikijaa, inaweza kubeba 7,600. Ujazo wake ni tani 248,663, na tani hizo hupima nafasi iliyomo ndani, si uzito. Ukigawa, kila abiria anapata tani 44 katika hesabu ya kwanza, na chini kidogo ya 33 katika ya pili. Robo ya nafasi yake imeyeyuka. Wafanyakazi nao ni 2,350 hivi, na hawana vitanda vya ziada vya kuongezea wenzao. Kila 10 waliokuwa wakihudumia abiria 24 sasa wanaangalia 32. Meli ni ile ile, tena nauli ya wiki hiyo kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Kwa sikio la mtu wa Afrika Mashariki, kusikia meli imejaa kupita asilimia 100 kunaamsha hofu, na hofu hiyo ina haki yake. MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara mwaka 2018 ilikuwa na uwezo wa abiria 101, na waliofariki peke yao walipita 200. Huko kujaa kulimaanisha kifo. Kwenye meli za kitalii ni jambo jingine: kikomo cha usalama huhesabu kila roho iliyomo, hata mtoto mchanga, na boti za kuokolea na majaketi hupangwa kwa idadi hiyo kubwa. Asilimia inayopita mia ni lugha ya wahasibu. Kwa hiyo tunachozungumzia leo ni kero na thamani ya pesa, tusikivalishe sura ya maafa.

Na usalama huo huo unatupa ushahidi bora kwamba msongamano ni mtoto wa saa. Costa Concordia ilipogonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 wakafa, na baadhi ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi la kujiokoa. Kanuni zikakazwa: zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Maelfu wakawa wanakusanywa kwa wakati mmoja, wakisimama juani, watoto wakilia, kisha wote wakimwagika kwenye ngazi na lifti kwa pamoja. Lilipokuja janga la korona, kampuni nyingi zililivunja zoezi hilo vipande. Abiria sasa hutazama maelezo kwenye simu au runinga ya chumbani, kisha hupita kwenye kituo chake kwa wakati anaoupenda ndani ya saa zilizowekwa. Hakuna sitaha iliyoongezwa, wala abiria aliyepunguzwa, na ile fujo ya siku ya kwanza ikapungua mno. Ni kama pilau ya harusi: sufuria inawatosha wote, vurugu huletwa na kupakuliwa kwa mara moja.

Familia inaweza kufanya vivyo hivyo kwa ratiba yake. Meli inapotia nanga bandarini, abiria wengi hushuka kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Bwawa lililokuwa halishikiki jana hubaki na watu wachache. Anayebaki melini siku moja ya bandari, hasa bandari ambayo haimvutii sana, amepata meli ya msimu mwingine bila kulipa zaidi. Chakula cha mchana saa tano na nusu, cha jioni katika zamu ya kwanza. Utaniambia watoto hawapangiki. Kweli, kijana wa miaka 15 haamki. Lakini mtoto wa miaka minne ana njaa mapema na usingizi mapema kwa maumbile yake, na mara nyingi wanaomlazimisha kufuata saa za watu wazima ni wazazi. Klabu ya watoto, hata hivyo, haina ujanja: ina kikomo cha watoto kwa kila mlezi, na ikijaa imejaa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: nimelipa, kwa nini nihangaike mimi? Kampuni ipunguze watu. Nakubaliana na nusu yake. Kupunguza kunawezekana, na miji imeonyesha. Juneau, huko Alaska, ilikubaliana na kampuni kwamba meli kubwa zisizidi tano kwa siku kuanzia 2024, kisha kuanzia 2026 vitanda visizidi 16,000 kwa siku, na 12,000 Jumamosi. Ila tazama kinachohesabiwa: vitanda vya chini, yaani wawili kwa kila chumba. Mtoto wa Julai anayelala juu hayumo katika kikomo hicho. Hata mji uliochoka na umati umeazima rula ya mwenye meli. Abiria wa kawaida hana baraza la mji la kumsemea, lakini ana haki ya kujua. Kampuni inajua mapema vitanda vya juu vilivyouzwa kwa wiki ya Krismasi. Itangaze idadi hiyo pamoja na nauli, mnunuzi aamue mwenyewe.

Kuna wanaosema dawa ni moja tu, usisafiri msimu huo. Rahisi kwa asiye na mtoto shuleni. Uingereza, mzazi anayemtoa mtoto shuleni kwa ajili ya likizo anaweza kutozwa faini inayoanzia pauni 80 kwa kila mtoto. Hata hivyo si kila kalenda ni ya Marekani. Shule za Kenya hufungwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba hadi Januari, na za Tanzania hufungwa mapema Desemba. Kati ya Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na katikati ya Desemba, watoto wa Marekani wamo darasani, msimu rasmi wa vimbunga unafikia mwisho, na nauli za Karibiani hushuka. Familia ya Nairobi au Mombasa yenye viza mkononi ina wiki mbili ambazo shangazi wa Houston hawezi kuzipata. Na bibi, ambaye hana shule ya kufungua, asisubiri wajukuu wafunge ndipo akatiwe tiketi. Kabla ya kulipa, wakala aulizwe ni abiria wangapi wanaotarajiwa wiki hiyo.