Msimamizi wa Zamu ya Doria: Kazi Yake na Sifa Zimpasazo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



 Niliombwa niseme juu ya kazi ya polisi. Jambo hilo ni pana mno, kwa hiyo nimechagua mtu mmoja tu katika kazi hiyo, mtu asiyetajwa sana magazetini wala mikutanoni. Huyo ni koplo au sajini anayesimamia zamu ya doria, hasa zamu ya usiku.

Mkuu wa kituo twamjua, maana ndiye tunayempelekea malalamiko. Konstebo naye twamjua, maana ndiye tunayekutana naye njiani. Baina ya hao wawili yupo msimamizi wa zamu. Saa nane za usiku, mkuu wa kituo akiwa amelala na mahakama imefungwa, huyu ndiye anayeamua kama kijana aliyesimamishwa njiani ataruhusiwa kwenda kwao au atatiwa korokoroni. Neno langu leo ni hili: sheria iliyotungwa na Bunge haimfikii mwananchi usiku ila kwa kupita mikononi mwa mtu huyu. Akiwa mwadilifu, sheria hufika nzima. Akiwa dhaifu, sheria hubaki karatasini, na sisi hubaki na vilio.

Yafaa kwanza tujue kwa nini cheo hiki kiliwekwa. Mwaka 1829, Robert Peel alipounda polisi ya mji wa London, makonstebo hawakuachwa watembee usiku pasipo mwangalizi. Kila sajini alipewa makonstebo 9 wa kuwaangalia. Hesabu hiyo ilikuwa na maana. Mtu mmoja aweza kuwajua watu 9 kwa majina na kwa tabia. Aweza kujua ni nani mwenye hasira, ni nani mwoga, na ni nani apendaye kilevi. Hawezi kuwajua hivyo watu 50.

Mpango huo wa vyeo uliletwa kwetu na serikali ya kikoloni, na mwaka 1920, nchi hii ilipofanywa koloni, jeshi likaitwa Polisi ya Kenya. Lakini doria ya siku hizo haikuwekwa kwa ajili ya kumlinda Mwafrika. Iliwekwa ili aulizwe kipande chake, atoke wapi na aende wapi. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza ile operesheni iliyoitwa Anvil katika mji wa Nairobi, na maelfu ya watu wakakusanywa na kuzuiliwa pasipo kufikishwa mbele ya hakimu. Hofu waliyoipata baba zetu na babu zetu haikuzikwa pamoja nao. Hata leo, mtu asiye na kosa akiona tochi ya doria hugeuza njia, na askari naye amwonapo akigeuza njia humdhania kuwa mwizi. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na Katiba mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, lakini hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa tangazo. Huondolewa usiku mmoja baada ya usiku mwingine, na wa kuiondoa ni msimamizi wa zamu.

Sasa na tuitazame kazi yake. Kazi hiyo ina sehemu tatu: kabla ya kutoka, wakati wa doria, na wakati wa kukabidhi zamu.

Kabla ya kutoka, yampasa awapange askari wake mstari na kuwatazama mmoja mmoja. Je, wote wamefika? Yuko mlevi? Yuko mgonjwa? Kila mmoja amevaa jina lake au namba yake mahali panapoonekana, kama sheria iagizavyo? Silaha hutolewa kwa kutiwa sahihi, na risasi huhesabiwa. Kisha asome kitabu cha matukio, ambacho wengi wamezoea kukiita OB, ili ajue zamu iliyotangulia iliona nini. Baada ya hayo awagawe askari wawili wawili, mzoefu pamoja na mgeni wa kazi, na awaambie wazi wanakwenda kufanya nini. Doria iliyotumwa pasipo kuambiwa kazi yake hujitafutia kazi, na kazi hiyo mara nyingi huwa ni kuwasumbua watu wanaotoka vibaruani.

Wakati wa doria, asikae kituoni akiota moto. Yampasa azunguke mwenyewe, tena kwa saa zisizojulikana, akawakute askari wake mahali alipowapanga. Akisikia kwa simu ya upepo kwamba pana ugomvi, aende. Akiletewa mtu aliyekamatwa, asiulize tu, “Amekamatwa na nani?” Aulize, “Amekamatwa kwa kosa gani, na je, ilikuwa lazima?”

Wazee wangu, swali hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Kifungu cha 49 cha Katiba chasema kwamba aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoifahamu, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Lakini kifungu hicho hicho chasema kwamba saa hizo zikimalizika wakati mahakama imefungwa, ataweza kungoja hadi siku ya mahakama inayofuata. Basi tuchukue mfano wa kijana aliyekamatwa usiku wa Ijumaa kwa jambo dogo. Saa zake 24 zitakwisha usiku wa Jumamosi. Mahakama haikai Jumapili. Kijana huyo aweza kulala korokoroni hadi Jumatatu, na Jumatatu tajiri wake amekwisha kumpa mtu mwingine kazi. Nyumba nzima imekosa posho. Jambo hilo lote hutegemea nusu dakika ambayo msimamizi wa zamu alitumia kufikiri, au hakuitumia.

Tena Katiba yasema kwamba kosa lenye adhabu ya faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6, si la kumweka mtu mahabusu. Msimamizi anayejua hayo aweza kumwachilia mtu kwa dhamana ya polisi, na dhamana hiyo haina malipo. Ikiwa fedha zimewekwa ili ziwe rehani ya kufika mahakamani, lazima risiti itolewe. Mahali pasipo na risiti, hapo pana hongo, hata ikipewa jina la chai.

Sehemu ya tatu ni kukabidhi zamu, nayo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Alfajiri watu wamechoka na kila mmoja ataka kwenda kulala. Hapo ndipo msimamizi mwema hujulikana. Huhesabu silaha na risasi zilizorudi. Huenda korokoroni na msimamizi anayeingia, nao huwaita mahabusu kwa majina, huku wakilinganisha na kitabu. Wakiwa watu 7 kitabuni na watu 8 ndani, basi yupo mtu mmoja ambaye kwa sheria hayupo. Mama yake akija kumwuliza asubuhi, ataambiwa hapa hayupo, naye ataendelea kumtafuta hospitalini na penginepo. Tena saa za mahabusu huhesabiwa tangu alipokamatwa. Hazianzi upya kwa sababu zamu imebadilika. Watazame pia kama wanawake wametengwa na wanaume, kama watoto wametengwa na watu wazima, na kama yuko mgonjwa au aliyeumizwa.

Hizo ndizo kazi zake. Sasa niseme juu ya sifa zimpasazo.

Kwanza, aijue sheria. Haimpasi kuwa wakili, lakini ajue mipaka ya kukamata, ya kupekua na ya kutumia nguvu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 yaagiza kwamba njia zisizo za nguvu zijaribiwe kwanza. Yasema pia kwamba amri ya mkubwa si udhuru kwa mtu aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Tena yamtaka mkubwa wa karibu wa askari aliyesababisha kifo au jeraha baya atoe habari mara moja kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi. Mkubwa wa karibu usiku ni nani? Mara nyingi ni huyu huyu sajini.

Pili, ajue kuandika vizuri. Maneno aliyoyaandika kitabuni usiku ndiyo yatakayosomwa na hakimu mwaka ujao. Aandike saa, mahali, majina na jambo lilivyokuwa, wala asiongeze chumvi. Mwizi wa kweli huachiliwa kwa sababu ya maandishi mabaya, na asiye na hatia hufungwa kwa sababu iyo hiyo.

Tatu, awe na ujasiri wa kusema hapana. Ujasiri wa kumkimbilia jambazi ni mkubwa, nao wengi wanao. Ujasiri mgumu zaidi ni wa kumwambia askari mwenzako, unayekula naye na kuishi naye kambini, “Weka rungu lako chini, mtu huyu amekwisha kushikwa.” Mgumu zaidi tena ni wa kumjibu mkubwa wako kwamba jambo hili haliruhusiwi. Sote twakumbuka kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Watu walipigwa njiani hata kabla ya usiku kuingia vema, na wengine wakapoteza maisha, hata Rais wa wakati huo, Bwana Uhuru Kenyatta, akaomba radhi kwa wananchi. Amri ya kafyu ilikuwa moja nchi nzima. Kulinda amri kwa mapigo au kuilinda kwa maneno lilikuwa jambo la aliyeshika zamu mahali pale.

Nne, mkono wake uwe safi. Askari mdogo hatendi kama alivyofundishwa chuoni Kiganjo ikiwa kila usiku anamwona sajini wake akipokea kitu kidogo. Msimamizi akila shilingi moja, amewapa askari wake wote ruhusa ya kula kumi.

Tano, awajue watu na mitaa yao. Ajue ni njia gani isiyo na taa, ni saa ngapi wenye vibanda hufunga, na ni nyumba ya nani iliyo na mgonjwa. Anayewajua watu hupata habari za mwizi kabla mwizi hajavunja.

Sita, awatunze askari wake. Hao nao ni watoto wetu. Wako wanaosimama usiku kucha kwenye mvua, wakirudi katika chumba kimoja na jamaa zao. Wako waliopoteza wenzao kwa risasi za majambazi. Msimamizi akiona askari amefiwa, au amebadilika tabia, au amezidi kunywa, asimpe bunduki na kumtuma njiani. Amzungumzie, na amweleze mkuu wa kituo mapema. Kumpumzisha mtu mmoja usiku mmoja ni rahisi kuliko kuzika wawili.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, sisi wanachama twafanya nini? Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini neno huharibika ikiwa wazee wamekaa kimya. Mtoto wa jirani akikamatwa, tusikimbilie kuchanga fedha za kumnunua. Twende kituoni wawili au watatu kwa heshima, tumwulize msimamizi wa zamu jina lake, kosa la kijana, na namba ya kitabu cha matukio. Mtu aliyeandikwa kitabuni si rahisi kupotea. Tukiona uovu, tupeleke malalamiko kwa maandishi kwa mkuu wa kituo, na yasiposikizwa, kwa ile Mamlaka Huru iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011. Tukiona wema, hali kadhalika tuandike barua ya kusifu, maana sajini mwema husikia lawama za wenzake kila siku na shukrani ya watu mara chache. Na tukiitwa kutoa ushahidi, twende; hatuwezi kudai haki kwa askari huku sisi wenyewe tukificha tulichokiona.

Kwa hiyo naomba kutoa shauri moja. Chama hiki kichague wanachama watatu, na mmoja wao awe mama, wakajulishwe kwa mkuu wa kituo chetu na kwa wasimamizi wa zamu zote, za mchana na za usiku. Kazi yao isiwe kuwatetea wahalifu wala kuwapeleleza polisi. Kazi yao iwe kwamba usiku wowote ukitokea msiba wa kukamatwa mtu, msimamizi wa zamu ajue ni nani wa kumpigia simu, na jamaa za mtu huyo wajue ni nani wa kumwendea. Sheria ya polisi yenyewe yaruhusu ushirikiano wa polisi na raia, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Kauli iliyoandikwa katika nembo ya polisi wetu ni “Utumishi kwa Wote”. Maneno hayo ni mema, nayo ni ya Kiswahili, lugha yetu. Naomba shauri hili liwekwe mbele ya mkutano na lipigiwe kura kabla hatujaachana leo.