Tuanze na Guta
(Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka)

 

Kikao kilichopita niliposema wanafunzi wetu wa sekondari wanaweza kuunda gari linaloendeshwa na jua, wengine mlicheka. Siwalaumu. Lakini jambo hili lipo. Huko Texas, Marekani, wanafunzi wa sekondari wanashindana tangu 1995 kwa magari ya jua waliyoyabuni na kuyaunda wenyewe. Mashindano hayo yanaitwa Solar Car Challenge. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walianza na gari la umeme la watu wawili, Kiira EV, mwaka 2011. Februari 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola, viti 35, paneli za sola juu ya paa.

Tupige hesabu. Jua kali la saa sita mchana linatoa kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri inageuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme, yaani wati 200. Weka mita nne za mraba juu ya gari, unapata wati 800. Pasi ya umeme inakula zaidi ya hapo! Ndiyo maana gari la jua ni mwalimu mkali: kila kilo inahesabiwa, kila waya uliolegea unaonekana.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiijua kanuni ya Ohm kwa moyo, na alama nilipata. Sola ya nyumbani ilipozima, mama akaniita mimi, msomi wake. Nikasimama naitazama. Sikuwahi kushika mita ya umeme maishani. Aliyekuja kuitengeneza ni kijana aliyeishia darasa la saba. Waya wa betri ulikuwa umelegea, basi. Aibu ile sijaisahau, na sitaki wadogo zetu wairithi.

Ombi langu ni hili: tusianze na gari, tuanze na guta. Magurudumu matatu, mota, betri, na paneli mbili za wati 200 juu ya kichanja. Saa tano za jua kali zinatupa kama uniti mbili za umeme, kama hizo mnazonunua za LUKU, kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Juni na Julai, Meru ukijifunika wingu, tutapata pungufu, na wanafunzi watajifunza kupanga safari kwa kufuata jua. Fremu itachomelewa hapa hapa Sokon I. Mafundi tunao.

Mwenye fedha atoe fedha. Mwenye spana au mita ya umeme alete. Fundi mstaafu atupe Jumamosi mbili kwa mwezi, awasimamie watoto, maana betri si kitu cha kuchezea. Na mabinti wetu washike mashine ya kuchomelea, wasiachiwe kuandika mahudhurio tu.

Mwakani nisisimame mimi hapa. Asimame mtoto wa kidato cha tatu, atueleze guta lilikwama wapi kwenye kilima, na walifanya nini likapanda.