Picha na Maelezo Yake Visiachane
(Mazungumzo na kamati za miradi za sharika)

Tumepewa nafasi fupi tuseme juu ya picha katika taarifa za robo mwaka. Huenda mtu akaliona jambo hili dogo. Lakini mfadhili aliye mbali hawezi kuja kulitazama tangi la maji. Anachokiona ni picha, na anachokiamini ni mstari ulio chini yake.

Taarifa moja iliyofika ofisini kwetu ilikuwa na picha ya tangi lililopasuka, na chini yake maneno "Tangi jipya lililokamilika". Kwenye kompyuta ya aliyeiandika mambo yalikuwa sawa. Faili lilipofunguliwa kwenye kompyuta nyingine, picha zilihama na maneno yakabaki. Hapo hakuna aliyesema uongo, ila msomaji angejuaje?

Chanzo ni hiki. Programu ya Word huiweka picha kwa namna mbili. Ama hukaa ndani ya mstari kama herufi moja kubwa, maandishi yakisogea nayo husogea. Ama huelea, maandishi yakaizunguka. Inayoelea hupendeza macho, lakini ndiyo inayotoroka. Kwa taarifa za miradi tunashauri ile ya kwanza tu: bofyeni picha, nendeni Wrap Text, mchague In Line with Text. Kwenye LibreOffice nanga iwe As Character. Fanyeni hivyo kabla ya kuweka maelezo, maana katika Word picha inayoelea hupewa maelezo ndani ya kisanduku cha peke yake, na viwili hivyo huachana upesi.

Maelezo nayo msiyape namba wenyewe. Bofyeni picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mchague Insert Caption. Word italeta neno Figure. Bonyezeni New Label na kuandika Picha. Mkiondoa picha ya tatu baadaye, bonyezeni Ctrl na A, kisha F9, namba zote zitajipanga upya. Aya yenye picha iwekeeni alama ya Keep with next, ili maelezo yasivukie ukurasa wa pili peke yake. Na picha ikionekana kama uzi mwembamba, haijaharibika: nafasi ya mistari imewekwa Exactly. Irudisheni Single.

Picha mbili za kabla na baada ziwekeni kwenye jedwali lisilo na mistari: juu picha, chini maelezo. Hatujaona njia iliyo imara kuliko hiyo.

Sasa jambo linalotusumbua zaidi. Wengi hukata picha ndani ya Word ili kuondoa sura ya mtoto au mgonjwa. Sehemu iliyokatwa haijafutwa, imefichwa tu. Atakayepokea faili anaweza kuirudisha kwa kubofya mara chache. Ingieni Compress Pictures, mweke alama kwenye Delete cropped areas of pictures, kisha mhifadhi. Hapo hapo mkichagua 150 ppi, faili litapungua uzito na kupita kwenye barua pepe. Mama aliyekubali kupigwa picha shambani hakukubali sura ya mwanawe isafiri naye.

Maneno ya maelezo yaseme ni nini, wapi na lini. Tarehe iandikwe daftarini siku ile ile ya kupiga picha. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida hupoteza kumbukumbu ya siku iliyopigwa, na tumeona wajumbe wakibishana kama msingi ulimwagwa Machi au Mei, wote wakiwa na picha mkononi.

Mkimaliza, tengenezeni nakala ya PDF na kuipitia ukurasa kwa ukurasa, ikiwezekana mtu asiyeiandika taarifa ndiye aipitie. Kwa mfadhili itakwenda PDF. Faili la Word litabaki ofisini kwa marekebisho. Baada ya chai tutafungua kompyuta tatu zilizopo, na wenye taarifa zao kwenye flashi tutaanza nao.