Kabla Kikundi Hakijanunua Kompyuta ya Bodi ya Pikapu

Mazungumzo ya fundi wa umeme wa magari mbele ya wenyeviti, waweka hazina na madereva wa vikundi vya maziwa. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni huu ugonjwa mpya wa pikapu zetu. Zamani taa ikikataa kuwaka, dereva alibadilisha balbu au fyuzi, mambo yakaisha. Siku hizi fundi anafungua dashibodi, anatikisa kichwa, anasema, "Kompyuta ya bodi imekufa." Mweka hazina akisikia bei, mkutano mzima unanyamaza. Pesa hizo ni za maziwa ya watu wengi, wengine wana ng'ombe mmoja tu. Kwa hivyo hamfai kuzitoa kwa sababu ya neno la mtu mmoja.

Hebu tuanze na kitu chenyewe. Katika Land Rover za zamani, waya ulitoka kwa betri, ukapitia fyuzi, ukapitia swichi, ukaenda mpaka kwenye taa. Ungeweza kuufuata kwa kidole. Lakini vioo vya umeme, kufuli za umeme na mengine yalipoongezwa, waya zikawa nyingi mno, nzito kama mzigo wa kuni. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilionyesha njia ya kuzifanya kompyuta za gari zizungumze kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja, na polepole watengenezaji wengi wakaifuata. Sasa ukigusa swichi ya indiketa, mara nyingi swichi hiyo haipeleki umeme kwa taa. Inapeleka habari kwa kisanduku fulani, nacho kisanduku ndicho kinachotoa umeme. Hicho ndicho mafundi wanachokiita BCM. Husimamia taa, indiketa, honi, waipa, vioo na kufuli, na katika magari mengi ndicho pia kinachoutambua ufunguo wenu. Kompyuta ya injini ni nyingine kabisa, msizichanganye. Na kama pikapu yenu ni ile ya miaka ya 1980 ya waya na fyuzi tupu, halafu fundi anataka kuwauzia BCM, mwulizeni ataifunga wapi.

Sasa dalili. Kitu kimoja kikikataa peke yake, kwa mfano taa ya breki ya upande mmoja, anzeni na balbu, fyuzi na waya wa kitu hicho. Kisanduku hushukiwa pale mambo mengi yasiyohusiana yanapoharibika pamoja: waipa zinaanza zenyewe, honi inalia usiku, milango inajifunga, indiketa zinawaka kama zilivyopenda, na asubuhi betri imekwisha. Hata hapo, msiseme bado kwamba kimekufa. Kompyuta yenye njaa ya umeme hufanya vituko kama mtu mwenye homa.

Kwa hivyo fundi aanze kupima betri, tena mbele yenu. Mita yenyewe ni kitu kidogo, na kikundi chenye gari kinafaa kuwa nayo. Betri nzuri iliyopumzika, gari likiwa limezimwa, huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki karibu nusu. Injini ikiunguruma, mita ipande hadi kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Isipopanda, shida yenu iko kwa alternata, mkanda wake au waya zake, si kwa kompyuta.

Halafu apime ile waya ya hasi inayofungwa kwenye chuma cha bodi. Hapa ndipo pesa nyingi za vikundi hupotelea. Barabara zetu mnazijua. Tope linaingia, chuma kinashika kutu chini ya bolti, na umeme unakosa njia ya kurudi kwa betri. Basi unatafuta njia nyingine, unapitia taa hii ukiwasha ile, na mtu anafikiri kompyuta imerukwa na akili. Kipimo ni hiki: washeni taa kubwa, mguu mmoja wa mita uwe kwenye ncha ya hasi ya betri, mwingine kwenye waya ya hasi ya kisanduku. Mita ikipita karibu sehemu mbili za kumi za volti, njia hiyo ni mbaya. Fungueni bolti, sugueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, mkaze tena. Kazi ya nusu saa. Mimi sikubali kusikia neno "kompyuta" kabla kazi hiyo haijafanywa.

Kama betri inaisha usiku, apime umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, milango imefungwa, na baada ya kungoja nusu saa hivi, maana kisanduku hakilali mara moja. Kwa magari mengi usizidi milliampu 50. Mkikuta ampea moja nzima, fanyeni hesabu wenyewe: betri ya ampea-saa 60 itakauka kwa saa 60, siku mbili na nusu. Kisha atoe fyuzi moja moja mpaka umeme huo ushuke, ajue ni njia gani inayokula. Mara nyingi mla betri ni redio au taa za ziada zilizofungwa na kijana wa mjini kwa kusokota waya na kubandika utepe.

Tuseme yote hayo yamefanywa, fyuzi zote nzima, umeme unafika kwenye kisanduku na unarudi vizuri, na bado hakitoi kazi yake. Hapo mnaweza kukubali kwamba kimeharibika. Lakini swali linalofuata ndilo kubwa: ni nini kilichokiua? Mkiweka kingine bila kujibu swali hilo, mtanunua cha tatu.

Wauaji wa kawaida ninawajua. Wa kwanza ni maji. Katika magari mengi kisanduku kiko chini ya dashibodi, karibu na miguu ya dereva au abiria. Maziwa yakimwagika ndani, dereva anachukua mpira wa maji na kuosha sakafu kama anavyoosha zizi. Au majani yameziba mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele, na mvua inashuka ndani. Inueni zulia, mguse kwa mkono. Likiwa na unyevu, mmempata mwuaji. Wa pili ni kuazima umeme kutoka kwa lori kubwa lenye volti 24, au kugeuza waya za kuazimia, chanya kwa hasi. Wa tatu ni fundi wa kuchomelea anayeunganisha vyuma vya kubebea mikebe bila kwanza kutoa waya za betri.

Sasa kukibadilisha. Kukifungua si kazi ya ajabu, ni skrubu chache na soketi za waya. Waya ya hasi ya betri itolewe kwanza na irudishwe mwisho. Fundi angoje angalau dakika 10 kabla ya kuingiza mikono chini ya usukani, kwa sababu mifuko ya hewa ya usalama hubaki na nguvu kwa muda. Apige picha ya soketi zote kwa simu yake. Aguse chuma cha bodi kabla ya kushika kisanduku, na asiguse pini kwa vidole.

Ugumu uko kwenye kumbukumbu. Ukienda Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi utapata vipuri vilivyotolewa kwa magari mengine, na vingine ni vizuri. Lakini kufanana kwa sura si kitu. Namba iliyo kwenye karatasi ya kisanduku lazima ilingane na ya kile cha zamani, mpaka herufi ya mwisho, isipokuwa kama mtengenezaji mwenyewe amesema namba mpya inachukua mahali pa ile. Pikapu mbili za mwaka mmoja, moja ina vioo vya umeme na nyingine ya kuzungusha kwa mkono, zinaweza kuwa na visanduku tofauti. Tena kilichotumika kinaweza kuwa na namba ya chasisi na funguo za gari la mtu mwingine. Ukikifunga tu, huenda taa zikawaka vizuri lakini injini ikakataa, kwa kuwa gari linawaona nyinyi kama wezi.

Kwa hivyo kisanduku cha zamani kikiwa bado kinaongea na mashine ya kupimia, kumbukumbu yake isomwe na kuhifadhiwa kabla hakijatolewa. Siku ya kukifundisha kipya leteni funguo zote za gari, hata ule wa akiba ulio kabatini kwa mwenyekiti, maana katika magari mengi ufunguo usiokuwapo siku hiyo hufutwa. Na betri iwe imeunganishwa na chaja. Umeme ukishuka katikati ya kazi, kisanduku kipya kinaweza kuharibika papo hapo.

Juu ya malipo nina maneno machache. Pesa za kupima ziwe mbali na pesa za kipuri. Fundi anayepima bure hupata faida yake kwa kuuza, na mnajua atakachokiona. Andikeni mapatano, na kisanduku cha zamani kirudi kwa kikundi. Sehemu ya malipo ibaki mpaka gari limelala siku tatu na kuamka na betri nzuri.

Mama mmoja ameuliza kama kile cha zamani kinaweza kutengenezwa. Ndiyo, mama, mara nyingi inawezekana. Ndani mna relei ndogo na viungo vya risasi vinavyopasuka kwa kutikisika, na fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri huvichomea upya. Kumbukumbu inabaki yenu na funguo zinabaki zenu. Kama maji yamekula njia za shaba zenyewe, hapo ni vigumu. Mimi ningekipeleka kwake kwanza, kabla ya kupanda basi kwenda Nairobi.

Mzee aliyeinua mkono anauliza juu ya sakafu yenye maziwa. Kitambaa chenye maji, mzee, na ndoo. Mpira wa maji ubaki zizini.