Kodi ya Mwezi Isiyolipwa kwa Mwezi: Kulinganisha Gharama za Kupanga Dar es Salaam, Nairobi na Kampala

Fasili kwanza, kwa kuwa kila mada ya semina hudaiwa fasili. Kodi ya pango ni fedha anayolipa mpangaji ili akae kwenye nyumba ya mwingine. Gharama ya kupanga ni kodi hiyo pamoja na yanayoifuata: maji, umeme, taka, ulinzi, dalali. Washiriki wanayajua hayo.

Tatizo liko kwenye safu moja ya jedwali. Linganisho nyingi za miji ya Afrika Mashariki zina safu ya "kodi kwa mwezi", iliyogeuzwa kuwa dola ili miji isomeke pamoja, na inayochukulia kwamba mpangaji hulipa kila mwezi. Nairobi hulipa hivyo, mwanzo wa mwezi, kwa simu, kabla msimamizi wa ploti hajaanza kugonga milango. Dar es Salaam mambo ni mengine. Mwenye nyumba wa Sinza au Tabata hutaja bei ya mwezi, kisha hudai ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, na dalali pembeni anasubiri ya kwake ya mwezi mmoja. Kampala iko katikati: mwenye muzigo, yaani vyumba vya kupanga vya mtaani, mara nyingi hutaka miezi mitatu ya kuanzia.

Chukulia chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Jedwali litaandika 100,000. Kwa masharti ya Dar es Salaam, mpangaji atatoa 600,000 kwa mwenye nyumba na 100,000 kwa dalali, jumla 700,000 kabla godoro halijaingia, mbali na hela ya kuonyeshwa, ambayo hairudi hata chumba kikikataliwa. Kwa masharti ya Nairobi ya kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, chumba cha bei hiyohiyo kingefunguliwa kwa 200,000, na nusu yake ingerudi mpangaji akihama. (Wapangaji wa Nairobi watacheka hapo, kisingizio cha kupaka rangi upya kimemeza dipoziti nyingi.)

Mwenye mshahara wa mwezi hana 700,000 za mkupuo. Hukopa kwenye kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa), kazini, kwa ndugu. Riba ya mkopo huo ni gharama ya kupanga, lakini haionekani kwenye safu yoyote. Pendekezo la kuongeza swali la mkopo huo kwenye dodoso la kodi limepelekwa vikaoni mara nyingi, na kila mara hupokelewa kwa shukrani.

Umeme nao una lake. Dar es Salaam, vyumba sita huchangia mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo. Aliyenunua umeme ndiye aliyekatwa. Kumdai mwenye nyumba ni shughuli nyingine.

Sheria hazisaidii kusawazisha picha. Tanzania ilifuta mwaka 2005 sheria yake ya kudhibiti kodi ya 1984. Ya Kenya ingalipo, lakini inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho soko lilikipita zamani. Uganda, kwa sheria yake ya 2022, imeweka kikomo cha nyongeza cha asilimia 10 kwa mwaka.

Mada hii haipendekezi serikali ipange bei. Hilo liko nje ya hadidu za rejea. Inapendekeza kila ulinganisho uonyeshe fedha ya kuingilia, yaani jumla inayotolewa kabla ya kuhamia, si kodi ya mwezi peke yake. Ada ya dalali iandikwe kivyake. Dipoziti itenganishwe na kodi ya kutanguliza, kwani moja hurudi na nyingine hairudi. Wadodosaji waulize mpangaji alilipa miezi mingapi kwa mara moja, na fedha aliipata wapi. Waulize pia nani ananunua umeme. Kubadilisha kuwa dola kufanywe mwishoni, baada ya jumla kupatikana kwa fedha ya nyumbani. Ofisi za takwimu zikubaliane chumba kimoja ni kipi, maana chenye choo ndani na cha kuchangia choo uani vimekuwa vikiwekwa fungu moja.

Na fedha ya kuingilia ionyeshwe. Limeshasemwa juu, na linarudiwa kwa makusudi. Kama dodoso ni refu mno kwa maswali yote haya, libaki la idadi ya miezi iliyolipwa kwa mkupuo, na lile la rangi ya kuta liondolewe.