Mtu Hujikuna Ajipatapo
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima: Kuchagua kisiwa cha kutembelea

Ndugu wanafunzi wa Kabasa, na ninyi wa Musoma, Bunda na Butiama. Leo tutazungumza juu ya mapumziko. Tuseme mavuno yamekwisha, pamba imeuzwa, ada za watoto zimelipwa, na bwana na bibi wanataka kwenda kuona kisiwa. Je, waende kisiwa gani? Wazee walisema mtu hujikuna ajipatapo. Basi chukueni kalamu na karatasi.

Kwanza tutazame visiwa vyenyewe. Wengi hutamani Unguja. Huko kuna bahari ya chumvi, mchanga mweupe na Mji Mkongwe. Lakini kutoka kwetu mpaka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000, kisha kuna boti ya kuvuka bahari. Nauli peke yake yaweza kumaliza fedha zenu kabla hamjaona mnazi. Mwenye nia ya kwenda Unguja na aweke akiba mwaka mzima. Tena akumbuke kwamba miezi ya masika, Machi mpaka Mei, wageni huwa wachache na nyumba nyingi za wageni hupunguza bei, ila mvua ni nyingi.

Katika ziwa letu la Viktoria kuna Rubondo, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Sokwe wake ni uzao wa wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969. Huko mtalipa kiingilio, boti na malazi. Saanane, karibu na mji wa Mwanza, ni hifadhi ndogo. Mtu aweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, asilipie kulala kisiwani. Katika hifadhi hizi raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje. Basi chukueni vitambulisho vyenu.

Kisiwa kilicho karibu nasi ni Ukerewe, kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili. Kutoka Bunda mnapanda gari mpaka Kisorya, mnavuka kwa kivuko mpaka Rugezi, kisha mnakwenda mjini Nansio. Huko ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza mwaka 1945, lakini ilipigwa chapa kwa Kiswahili zaidi ya miaka 30 baadaye. Ninyi mnaojifunza kusoma, kitafuteni kitabu hicho.

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Bei za kweli ulizeni kituoni kabla ya kuondoka. Bwana na bibi wana shilingi 150,000. Wanataka kukaa Ukerewe siku 3, yaani kulala usiku 2.

Nauli ya kwenda, watu wawili: 20,000
Nauli ya kurudi, watu wawili: 20,000
Kulala, 20,000 mara 2: 40,000
Chakula, 12,000 mara 3: 36,000
Jumla: 116,000

Zinabaki shilingi 34,000. Hizi ni za dharura, kama ugonjwa au gari kuharibika. Nauli ya kurudi ifungeni mbali na fedha nyingine, wala msiiguse. Wengi huhesabu kwenda wakasahau kurudi, nao hurudi nyumbani na deni.

Liko jambo moja ambalo halifai kubanwa kwa ajili ya fedha. Nalo ni usalama majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu wapatao 100, nacho kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Zaidi ya watu 220 walikufa. Kwa hiyo mkiona chombo kimejaa, shukeni, ngojeni kingine, hata ikibidi kulala njiani. Zile fedha za dharura ndiyo kazi yake. Katika mtumbwi wa injini, vaeni jaketi la kuokolea kabla haujaondoka. Na kwa sababu ya kichocho, msioge ziwani.

Zoezi: Bibi anasema, “Bwana, tuongeze siku moja.” Siku hiyo italeta malazi ya 20,000 na chakula cha 12,000. Zitabaki fedha ngapi za dharura? Je, wakae au warudi? Andikeni jibu na sababu yake, mkampe mwalimu wenu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.